Tairi la Akiba la Shangazi

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unayasoma haya ukiwa na afya njema, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa sana kwenye kiti cha ofisi sasa umekuachia. Wifi hajambo? Na watoto je, yule mkubwa bado hali mpaka asimuliwe hadithi? Msalimie sana wifi, umwambie kitambaa alichonitumia nimekwisha kukikata, na mabegani nimeacha nafasi kama alivyotaka. Kimebaki kushonwa tu.

Sisi huku ni wazima. Mama miguu humuuma asubuhi, lakini ikifika saa nne inapona, hasa kama kuna jirani wa kwenda kumtembelea. Baba anakula, analala, na anabishana na redio kama kawaida yake. Mimi kazini sina baya la kusema. Bado ni mkata vitambaa katika karakana ileile ya sare za shule, meza ileile ya dirishani, na mkasi uleule ambao sitaki mtu auguse.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe kwenye simu hukawii kumkatiza mtu. Nikisema "Baba", wewe umeshasema "najua". Karatasi haikatizwi. Shajara yangu nimeiweka hapa mezani nisije nikachanganya kilichotangulia na kilichofuata. Nakuomba ukae kitako, usome mpaka mwisho, ndipo ushike simu.

Habari yenyewe ni ya lile tairi la akiba.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Baba alipoigonga nguzo ya lango letu wenyewe, mchana kweupe, wewe ulisema imetosha, mzee asiendeshe tena, na pikapu iuzwe kabla hajamgonga mtu. Ulisema hutaki siku moja upigiwe na mtu usiyemjua, ameshika simu ya Baba mkononi. Maneno yale yaliniingia, nami nikakuunga mkono bila kulazimishwa. Ukamtafuta mnunuzi, yule rafiki yako muuza mbao. Akaja, akaizunguka pikapu, akayapiga mateke magurudumu yote, akalala chini akachungulia, kisha akasema anaichukua kwa sharti moja tu. Alitaka tairi la akiba lishushwe alione kwa macho yake, maana aliwahi kuuziwa gari akadhani tairi liko chini, kumbe kulikuwa na mnyororo mtupu.

Baba hakubisha, na hilo ndilo lililonishangaza. Huyu ndiye mtu aliyeuhamisha nusu ya mtaa huu kwa pikapu ile, anayejua nani ana godoro lenye shimo na nani ana kabati lisilo na mgongo. Gari lenyewe aliliita Shangazi kwa kuwa hulalamika njia nzima lakini hufika. Nilitegemea apige kelele. Akasema tu sawa, tairi atalishusha mwenyewe, asitafutiwe mtu.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, akatandika gunia nyuma ya gari akaingia chini. Kama hujawahi kuchungulia, tairi lile linaning'inia chini ya bodi, limevutwa juu kwa waya mnene wa chuma. Juu ya bampa kuna kitundu. Unaingiza chuma kirefu, unazungusha, waya unalegea na tairi linashuka. Kazi ya dakika chache. Lakini unamjua Baba kwa kuogopa wezi. Alikuwa ameongeza mnyororo, akaupitisha katikati ya tairi, akauzungusha kwenye chasisi na kuufunga kwa kufuli. Tangu alipolifunga hakuwahi kulifungua. Akipata pancha njiani, alikaa pembeni mwa barabara akaiziba palepale. Alikuwa akisema tairi la akiba ni la siku ya shida, na pancha si shida.

Basi ufunguo ukakataa kuzunguka. Akatia mafuta mepesi, akangoja, akajaribu. Akagonga kidogo, akatia mafuta tena. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi, nasikia ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko, ko, ko. Jua likapanda juu ya bati na bado mzee yuko chini, ni viatu tu vinavyoonekana. Nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba anafanya makusudi. Nikaenda jikoni nikamnong'oneza Mama kwamba mzee anapoteza muda ili mnunuzi achoke. Mama hakugeuka hata kunitazama. Alisema Baba yenu akitaka kukataa jambo hulikataa akiwa amesimama, haendi kulala chali.

Ndipo akafika fundi Nyundo, yule jirani mwenye gereji ya kona, ambaye jina hilo alipewa kwa sababu hata redio ikikohoa yeye huipiga. Hakuitwa, alisikia chuma kinagongwa akashindwa kujizuia. Aliinama akamuuliza Baba kama amehamia huko chini, na kodi analipa kwa mwezi au kwa mwaka. Baba, bila kutoka, akamwambia akaangalie kwanza yale magari yaliyolala gerejini kwake, maana kuku wameanza kutagia kwenye viti. Nyundo akacheka, akachungulia, akasema dawa ya kufuli hilo ni grenda, cheche mbili tatu na kazi imekwisha. Baba akamwonyesha tangi la mafuta, lililokuwa mkono mmoja tu kutoka hapo, akamuuliza kama anataka kufungua kufuli au kumhamisha yeye moja kwa moja. Nyundo akakubali kwamba msumeno wa mkono utafaa zaidi, akaenda gerejini kwake kuuleta.

Hapo nikaona niingie mwenyewe. Nililala kando ya Baba juu ya gunia, nikawasha taa ya simu. Nilimkuta anatafuta tundu la ufunguo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetafuta swichi gizani, na mwanga wote ule wa mchana upo. Ufunguo wake ulikuwa umeingia nusu kwenye kufuli kubwa la rangi ya shaba. Na nyuma ya hilo, kwenye mnyororo uleule, upande wa kushoto kwake, palikuwa na kufuli jingine dogo, jeusi. Nikamuuliza kati ya hayo mawili anafungua lipi.

Akauchomoa ufunguo. Kisha akaniuliza, polepole, kwani yapo mawili?

Kaka, yalikuwa mawili. Lile jeusi lilikuwa karibu na sikio lake. Nikauchukua mkono wake nikauweka juu yake. Akalipapasa akasema hili ndilo langu. Halafu akauacha mkono wake hapohapo, na akaanza kuniambia mambo ambayo hakuwa ameyasema kwa mtu.

Alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Cha mbele kipo, cha pembeni hakipo. Siku ile ya nguzo hakuwa na haraka, wala hakusinzia kama mimi na wewe tulivyosema. Nguzo haikuwepo, halafu ikawepo. Alisema kwa muda mrefu sasa anaendesha njia zile tu anazozijua hata akifumba macho, na kazi za mitaa migeni anazikataa kwa kisingizio kwamba barabara ni mbovu. Nikakumbuka tulivyokuwa tukimcheka kwamba siku hizi mzee amekuwa mvivu. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akanijibu kwamba sisi tulimwambia aache kuendesha kabla yeye hajapata nafasi ya kutuambia kwamba anataka kuacha.

Kumbe hakuwa akiogopa kuuacha usukani. Alichoogopa ni asubuhi ya kuamka akakuta uani peupe, watu wagonge lango kama kawaida yao waulize gari liko wapi, na yeye amekaa barazani kama kabati lililotolewa nje, linasubiri kuhamishwa. Aliyasema haya akitazama juu, kwenye matope yaliyogandia chini ya bodi. Nilishukuru kwamba tulikuwa tumelala. Tungekuwa tumeketi, ingetubidi tutazamane.

Sasa lile kufuli la shaba lilikuwa la nani? Nikamwita Mama. Akaja na mwiko mkononi, akainama, akachungulia, na bila haya yoyote akasema kufuli hilo ni lake, lisikatwe. Akaeleza kwamba siku zile mwalimu wa nyumba ya mbele alipoibiwa tairi lake, yeye alikwenda kuchungulia Shangazi, akakuta Baba amefunga kijikufuli cha kufungia sanduku la nguo. Hakutaka kumvunjia heshima. Basi akanunua lake, la maana, akangoja Baba alale usingizi wa mchana, akaingia chini na gauni lake akafunga. Ufunguo uko kwenye kopo la vifungo. Nikamuuliza mbona tangu asubuhi anasikia tunagonga naye yuko kimya. Akasema alidhani tunagonga kutu, na hakuna aliyemuuliza.

Baba akamuuliza, kutoka kule chini, kama kuna kitu kingine humu nyumbani alichokifunga bila yeye kujua. Mama akajibu kwamba vipo, na akivifungua mwenyewe atamtaarifu. Nilicheka mpaka nikagonga paji la uso kwenye chuma.

La Mama likafunguka, na la Baba likafuata mara moja. Nyundo alirudi na msumeno wake akakuta mnyororo umelala chini, akasikitika kama mtu aliyefika karamuni akakuta vyombo vinaoshwa. Tukampa kazi ya kuzungusha chuma cha kwenye bampa. Mwanzoni kiligoma kwa kutu. Tukatia mafuta, tukanywa maji, akazungusha mbele kidogo na nyuma kidogo mpaka kikalegea. Kikazunguka sasa, lakini tairi halishuki. Nyundo akaomba ruhusa ya kulipiga, mara moja tu, kwa heshima. Baba akakataa. Alisema mle ndani kuna ulimi mdogo wa chuma ambao hukamata waya ukivutika ghafla, ili tairi lisidondoke barabarani, na huo hauachii mpaka tairi linyanyuliwe kwanza.

Akanielekeza nilete jeki na kipande cha ubao. Niliweka jeki chini ya tairi, ubao juu yake, nikapandisha taratibu huku Baba ameshika waya kwa vidole. Alipousikia umelegea akaniambia nisimame. Kitu kikalia ndani, tik. Akasema sasa, zungusha wewe. Nyundo akanipisha. Nikazungusha, na lile tairi likashuka polepole, bila haraka, kama bibi harusi anayejua kwamba anatazamwa.

Tuliliburuta nje likiwa na vumbi la miaka. Nyundo akalifuta kwa kitambaa, akasifu. Tairi halijakanyaga barabara, hata vile vinyweleo vya mpira bado lilikuwa navyo. Halafu akainama. Akahesabu matundu ya nati kwa kidole. Akahesabu tena. Akaenda kwenye gurudumu la nyuma la Shangazi akahesabu huko pia, akarudi amekunja uso. Shangazi ana nati sita. Tairi lilikuwa na matundu matano.

Lilikuwa la gari jingine kabisa, kaka. Lilikuja na Shangazi siku aliponunuliwa, Baba akalifunga bila kulijaribu, Mama akaongeza kufuli, na miaka yote hiyo mzee amesafirisha vitanda vya watu akiwa na moyo mtulivu kwamba chini kuna akiba. Nilimtazama Baba nikiogopa ataumia. Akakaa juu ya gunia akaanza kucheka, kicheko kile cha kutoa machozi ambacho hatujakisikia siku nyingi. Nyundo akasema mwizi angeliiba angelirudisha usiku uleule, na barua ya malalamiko juu yake. Mama akasema yote sawa, ila kufuli lake analitaka.

Hapa ndipo ninapokuomba usisimame, kaka.

Mambo haya hayakutokea jana wala wiki hii. Yalitokea Jumamosi ileile niliyokupigia simu nikakwambia tairi limegoma. Lilikuwa limegoma asubuhi, huo ni ukweli. Lakini nilipokupigia jioni lilikuwa limelazwa uani, na Mama amekaa juu yake anachambua mboga. Na kila ulipouliza baada ya hapo nikakujibu kwamba bado linatusumbua, nilikuwa nakudanganya. Ndiyo maana ukimpigia Baba alimpa Mama simu haraka haraka. Yeye hajui kudanganya. Mama anajua, na nadhani alifurahia.

Nilikuwa nanunua muda. Jioni ile, Nyundo alipoondoka, nilimwambia Baba kwamba hakuna aliyesema lazima mwenye gari awe ndiye dereva. Nilimwambia nitajifunza mimi. Alinitazama kwanza, akasema mkata vitambaa, halafu akasema kwamba mtu aliyepandisha jeki vile bila kulitikisa gari hatakuwa na mguu mzito. Sikutaka kukuletea wazo, maana wewe wazo la mtu hulimaliza kabla hajalieleza. Nilitaka nikuletee jambo lililokwisha kufanyika.

Nimekwenda shule ya udereva jioni baada ya kazi. Bosi wangu aliniruhusu kutoka mapema, kwa sharti kwamba nikifaulu, sare za shule tuzipeleke sisi. Mara ya kwanza nilishindwa kurudi nyuma. Niliyaangusha mapipa yote ya mtihani, hata lile ambalo halikuwa la mtihani. Mara ya pili nikapita. Leseni ninayo hapa. Kwenye picha ninaonekana kama niliyekamatwa, lakini ni yangu.

Baba nilimpeleka hospitali ya macho. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Mama ndiye anayemtia, na anahesabu kwa sauti kama anayepima mafuta ya taa. Wewe ulikuwa na haki kuhusu usukani, kaka. Baba mwenyewe anasema hivyo, na hajaugusa tangu siku ile. Kuhusu Shangazi tulikosea, wewe na mimi pamoja. Yule muuza mbao nilimpigia mapema nikamweleza ukweli. Hakukasirika, na sasa ana gari jingine. Kama unaona amekuficha jambo, niwekee lawama mimi. Unisamehe kwa yale majibu ya uongo. Lakini ukiniambia nimuuze Shangazi sasa, nitakataa, na nitakataa nikiwa nimesimama.

Jana tulifanya kazi yetu ya kwanza. Tulimhamisha muuguzi mmoja na mama yake mzee, kutoka chumba kimoja kwenda viwili. Asubuhi Baba alichelewa kutoka. Alipotoka nikakuta amevaa shati jeupe, limepigwa pasi, yeye ambaye kwa kazi hii hakuwahi kuvaa kitu kisicho na madoa ya grisi. Alizunguka akapanda kiti cha abiria, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje. Njia nzima alinielekeza, punguza, ingia, mwache huyo apite ana haraka ya kwenda kuugua. Gia ya pili ilipolia alifumba macho, lakini hakusema kitu. Vitu alivipanga yeye, kwa mikono yake, na sikuona kioo wala kikombe kilichovunjika.

Tulipofika, yule mama mzee akamuuliza Baba mbona leo ameshukia upande huu. Baba akakung'uta shati lake, ambalo halikuwa na vumbi, akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu kwamba siku hizi ana dereva.

Tangu jana amekwisha kuwaambia Nyundo, mwalimu wa nyumba ya mbele, na mtu aliyepita kuuliza njia. Sasa anasubiri kukwambia wewe. Ameniuliza mara mbili kama Jumapili huwa unapiga. Basi ukipiga, muulize ni nani anayeendesha gari siku hizi, halafu ujifanye hujui lolote. Mwache aeleze mwenyewe, taratibu. Na kaka, tafadhali, usimkatize.

Mama anakusalimu na anasema ule mgongo usiubebe ofisini tu, uulete na huku nao ukalale. Baba anakusalimu bila kujua kwamba ninaandika. Wabusu watoto, na wifi nitamtumia nguo yake wiki ijayo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba, dereva